Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuunganisha Simu ya Android na Kompyuta kwa adb

adb ni programu ya kuiamuru simu ya Android kutoka kwenye kompyuta, na “adb devices” ndiyo amri ya kuorodhesha simu zilizounganishwa. Mtu anapofungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, akaandika amri hiyo na kujibiwa kwa orodha tupu, kwa kawaida huishuku amri aliyoiandika, kisha huirudia mara kadhaa kana kwamba simu haikusikia mara ya kwanza. Amri hiyo ni fupi na si rahisi kuikosea. Vinavyokwenda kombo ni vile vilivyoitangulia: waya, tundu la USB, mipangilio ya simu, idhini ya mwenye simu, draiva ya kompyuta (programu inayoiwezesha kuitambua simu), na seva inayosafirisha ujumbe kati ya pande mbili. Mambo yanayoelezwa hapa ni ya kukaguliwa kabla ya kazi kuanza, na yanaanzia kwenye waya kwa sababu hakuna faida ya kusakinisha draiva mara tatu ilhali waya wenyewe haupitishi data.

Ni vyema kwanza kuelewa kinachounganishwa. Android Debug Bridge, ambayo watumiaji wake huiita adb, ina sehemu tatu. Ya kwanza ni ile inayoanzishwa kwenye kompyuta kila unapoandika amri. Ya pili ni seva inayoendelea kufanya kazi kimyakimya kwenye kompyuta hiyo hiyo, ikisikiliza katika lango (port) la 5037. Na ya tatu ni programu ndogo iitwayo adbd, iliyomo ndani ya simu. Amri unayoandika haifiki kwenye simu moja kwa moja, bali hukabidhiwa seva, na seva ndiyo huipeleka kwa adbd na kurudi na jibu. Kwa hiyo panapotokea hitilafu, swali la kujiuliza ni kipande kipi cha njia hiyo kimekatika, na kila kipande kina dalili zake.

Programu yenyewe hupatikana katika kifurushi kidogo cha Google kiitwacho Platform-Tools, na hakuna ulazima wa kupakua Android Studio, programu kubwa ya kutengenezea programu za Android, nzima kwa ajili ya adb pekee. Anayetumia bando la simu ataona umuhimu wa jambo hili. Kifurushi hicho, pamoja na draiva ya simu husika ikiwa kompyuta ni ya Windows, vipakuliwe mapema mahali penye intaneti ya uhakika, maana hitilafu za aina hii zina tabia ya kujitokeza pale ambapo mtandao haupo.

Waya wa kawaida wa USB 2.0 una nyuzi nne ndani yake: mbili za umeme na mbili za data. Waya nyingi za bei nafuu, hasa zinazouzwa pamoja na taa, spika au pawabenki, zina zile mbili za umeme tu, na simu iliyounganishwa kwa waya wa namna hiyo huchaji vizuri kabisa, jambo linalomfanya mwenye nayo aape kwamba waya ni mzima. Kipimo rahisi ni kujaribu kuhamisha picha moja kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta kwa njia ya kawaida. Ikishindikana, waya ubadilishwe kabla ya kufikiria jambo lingine lolote. Inafaa pia kuchomeka kwenye tundu la kompyuta yenyewe badala ya kupitia kigawanyio (USB hub), na kutazama kama tundu la simu halijajaa vumbi. Baadhi ya simu huzuia adb zinapokuwa katika hali ya kuchaji tu, kwa hiyo chagua hali ya kuhamisha faili kwenye arifa inayojitokeza waya unapochomekwa.

Kwa upande wa simu, chaguo za wasanidi programu (Developer options) zimefichwa tangu Android 4.2 ya mwaka 2012, na hufunguliwa kwa kugusa nambari ya muundo (Build number) mara saba katika sehemu inayoeleza habari za simu. Ndani ya chaguo hizo ndimo ulimo utatuaji wa USB (USB debugging), yaani ruhusa ya adb kuifikia simu, ambao ni lazima uwashwe. Hapo ndipo wengi huishia, lakini watengenezaji mbalimbali wameongeza vizuizi vyao. Simu za Samsung zenye One UI 6 (One UI ni Android kwa sura ya Samsung) au toleo la baadaye zina kinga iitwayo Auto Blocker, ambayo ikiwa imewashwa huzuia amri zinazopitia waya wa USB. Simu za Xiaomi zina swichi nyingine ya pekee inayoruhusu kusakinisha programu kupitia USB, nayo hutaka mtumiaji awe ameingia kwenye akaunti ya Xiaomi. Mtu asiyejua hayo ataona utatuaji umewashwa na bado kazi haiendi.

Kuna kizuizi kingine ambacho hakiondolewi kwa ujanja wa mstari wa amri. Simu iliyotolewa na mwajiri, au iliyonunuliwa kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, huweza kuwa chini ya programu ya usimamizi ambayo imepewa mamlaka ya kuzima utatuaji kabisa. Swichi ikiwa imefifia na haigusiki, uliza kwanza simu ni ya nani na deni limefikia wapi, badala ya kupoteza saa nzima ukibadilisha waya.

Idhini ndiyo sehemu inayostahili kuangaliwa kwa utulivu kuliko zote. Tangu Android 4.2.2, simu haikubali kompyuta yoyote hadi mtumiaji aiidhinishe kwenye skrini. Kompyuta hutengeneza jozi ya funguo za RSA, yaani faili mbili za siri za kujitambulisha, na kuzihifadhi katika folda iitwayo “.android” ndani ya folda ya mtumiaji, kwa majina “adbkey” na “adbkey.pub”, simu nayo huonyesha alama ya ufunguo huo na kuuliza kama iruhusu. Ujumbe huo huonekana skrini ikiwa imefunguliwa, hivyo simu iliyolala mezani ikiwa imefungwa inaweza kuwa inasubiri jibu bila mtu kujua. Kwenye orodha ya “adb devices” hali hiyo huandikwa “unauthorized”, na maana yake ni kwamba waya na draiva ni vizima, na kinachokosekana ni ridhaa tu.

Hapa ndipo mafundi simu hukwama. Mteja huleta simu iliyopasuka kioo, mguso haufanyi kazi, na anataka picha zake zitolewe kwa kompyuta. Lakini kama simu hiyo haikuwahi kuidhinisha kompyuta yoyote, swali litatokea kwenye skrini isiyoweza kuguswa. Simu nyingine zinakubali kipanya kwa kiunganishi cha OTG, kinachoruhusu vifaa vya USB kuchomekwa kwenye simu, ila tundu hilo hilo ndilo linalohitajika kwa kompyuta, kwa hiyo itabidi utatuaji usiotumia waya au kigawanyio maalumu, na hata hivyo mambo si ya uhakika. Anayejua kwamba siku moja atahitaji kuifikia simu yake kwa njia hii aidhinishe kompyuta yake wakati skrini ingali nzima, na akumbuke kwamba kuanzia Android 11 idhini ya kompyuta ambayo haijaunganishwa kwa siku 7 hufutwa yenyewe, isipokuwa muda huo uwe umezimwa katika chaguo za wasanidi programu.

Watumiaji wa Linux wana mtego wao katika suala hili. Mtu akikosa ruhusa huendesha adb kwa “sudo”, yaani kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu wa kompyuta, na mara nyingi hapo seva huanza kutumia funguo za mtumiaji mkuu badala ya zake, kwa hiyo simu iliyokwisha kuidhinisha kompyuta hiyo jana inauliza upya leo. Tiba ya maneno “no permissions” ni kuweka kanuni za udev (sehemu ya Linux inayosimamia vifaa vinavyochomekwa) zinazoitambua simu na kuhakikisha mtumiaji yumo katika kundi la plugdev, lenye ruhusa ya kutumia vifaa hivyo; kwenye Ubuntu na Debian kanuni hizo huja na kifurushi cha android-sdk-platform-tools-common. Amri ya “lsusb” itaonyesha kama mfumo unaiona simu hata kabla ya adb kuhusika.

Kwenye Windows tatizo huwa ni draiva. Draiva ya Google inahudumia simu za Google yenyewe, na simu za kampuni nyingine huhitaji draiva ya mtengenezaji wake. Fungua Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows: simu ikiwa na alama ya pembetatu ya njano, draiva haijakaa sawa, na orodha ya adb itabaki tupu hata kama waya ni wa dhahabu. Kompyuta za Mac hazihitaji draiva.

Seva ndiyo iliyonisumbua mimi binafsi kuliko yote. Nilikuwa na simu iliyokuwa ikionekana kwenye orodha kwa sekunde chache, kisha inapotea, kisha inarudi, nami nikaamini kwamba tundu lake limelegea. Kumbe kompyuta ilikuwa na nakala mbili za adb za matoleo tofauti, moja niliyoisakinisha mwenyewe na nyingine iliyoletwa na programu ya kusimamia simu, na kila moja ikiikuta seva ya mwenzake inaiua na kuwasha yake. Ujumbe ulikuwepo kwenye skrini muda wote, ukisema kwamba toleo la seva halilingani na la amri, nami nilikuwa nikiupita bila kuusoma. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuanza kazi, andika “adb version”, ambayo itakuonyesha pia nakala inayotumika imetoka folda gani. Funga programu za kusimamia simu na emuleta (simu za kuigiza ndani ya kompyuta) usizozihitaji. Kisha andika “adb kill-server” na baada yake “adb start-server”.

Neno “offline” humaanisha kwamba simu imeonekana lakini haijibu. Chomoa waya na uuchomeke tena, zima utatuaji na uuwashe, au tumia “adb reconnect offline”. Ikiwa adb ni ya kale kuliko toleo la 1.0.31, simu zenye Android 4.2.2 na kuendelea zitaonekana “offline” siku zote kwa sababu nakala hiyo haifahamu utaratibu wa funguo, na dawa ni kupakua mpya.

Anayetaka kufanya kazi bila waya ahakikishe simu na kompyuta zimo katika Wi-Fi moja, na kwamba ruta haitenganishi vifaa vilivyomo, kama zinavyofanya mitandao mingi ya wageni hotelini na maofisini. Kuanzia Android 11 simu huunganishwa kwanza kwa “adb pair” na msimbo wa tarakimu sita, halafu kwa “adb connect”. Lango la hatua ya kwanza si lango la hatua ya pili, na anayenakili nambari moja kutumia kote mara mbili atakataliwa bila maelezo ya kuridhisha. Njia ya zamani ya “adb tcpip 5555” inahitaji waya mwanzoni, na hupotea simu inapozimwa na kuwashwa.

Vifaa vikiwa zaidi ya kimoja, pamoja na emuleta iliyosahaulika ikiwa wazi, adb itagoma hadi iambiwe ni kipi, kwa “-s” na nambari ya kifaa inayosomeka kwenye “adb devices -l”. Kwenye meza ya fundi yenye simu tano za wateja, nambari hiyo iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa nyuma ya kila simu kabla ya amri yoyote inayofuta kitu.

Na ikiwa simu si yako, mwambie mwenyewe kabla ya kuanza kwamba utawasha utatuaji na kuiidhinisha kompyuta yako, maana kompyuta iliyoidhinishwa inaweza kusakinisha programu na kunakili faili bila kuuliza tena. Kazi ikiisha, futa idhini zote kwenye chaguo za wasanidi programu na uzime utatuaji mbele yake.