Majibu Hasi, Moyo Haukubali: Namna ya Kuachana na Hofu ya VVU Baada ya Kupima

Hapa Bukavu mtu anaweza kupimwa VVU asubuhi Kadutu, akapimwa tena alasiri Ibanda, na siku ya pili akapanda kwenda Bagira kutafuta kituo cha tatu ambako hakuna muuguzi anayemfahamu. Majibu yote yakiwa hasi, hulala usiku mmoja kwa amani, kisha huamka akijiuliza kama chupa za damu hazikubadilishwa kwa bahati mbaya, au kama ule mstari wa pili wa kipimo, ulio ishara ya maambukizi, haukuwapo kwa mbali bila yeye kuuona. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Yule ambaye bado hajapima kwa sababu anaogopa, aende kwanza akapime, ndipo arudi kuusoma.

Waswahili husema wasiwasi ndio akili, na msemo huo ni wa kweli mpaka siku ya kipimo, kwa sababu ndio unaomtoa mtu nyumbani na kumfikisha labo. Baada ya kipimo kilichofanywa kwa wakati wake, wasiwasi huo hauna tena kazi ya kumfanyia, isipokuwa kumla.

Anza kwa karatasi na kalamu, kwa maana hofu inayobaki kichwani haina tarehe, na jambo lisilo na tarehe haliwezi kuhesabiwa siku. Andika mambo matatu tu: tarehe ya tendo unaloliogopa, lilikuwa tendo gani, na tarehe ya kipimo cha mwisho. Andika kwa maneno makavu. Ukiandika "tarehe 3 Machi, kujamiiana bila kondomu", umeandika jambo linaloweza kupimwa. Ukiandika "siku niliyojiharibia maisha", umekwisha kujihukumu kabla ya damu kusema.

Kisha tazama kama tendo hilo lilikuwa na hatari. VVU haviambukizwi kwa mate, kwa kula sahani moja, kwa choo, kwa kukumbatiana wala kwa mbu, na mwenye VVU anayemeza dawa zake hadi virusi vyake visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Ikiwa karatasi yako inataja mojawapo ya hayo peke yake, hukuwa na sababu ya kupima hata mara moja. Ikiwa inataja kujamiiana bila kondomu, ilikuwa haki upime, lakini hata hapo hesabu ni tofauti na vile hofu inavyokuambia. Kwa wastani, katika matendo 10,000 ya kujamiiana kwa njia ya uke na mtu mwenye VVU asiyetumia dawa, maambukizi hutokea takriban mara 8 kwa mwanamke na mara 4 kwa mwanamume. Kwa njia ya haja kubwa ni takriban mara 138 kwa anayepokea. Hesabu hizo hupanda palipo na vidonda au magonjwa mengine ya zinaa, wala sizitaji ili mtu aache kondomu. Nazitaja kwa sababu mwenye hofu huamini kwamba mara moja lazima iwe imemtosha.

Sasa hesabu siku. Mwili unahitaji muda kabla ya kipimo kuweza kuona maambukizi, na muda huo huitwa kipindi cha dirisha. Kipimo cha haraka kinachotafuta kingamwili, yaani vitu ambavyo mwili hutengeneza kupambana na virusi, kwa tone la damu ya kidole, ambacho ndicho kinachopatikana katika vituo vingi, huweza kugundua maambukizi kati ya siku 23 na 90 baada ya tendo. Kipimo cha maabara kwa damu ya mshipa, kinachotafuta kingamwili pamoja na antijeni, yaani sehemu ya virusi vyenyewe, hugundua kati ya siku 18 na 45. Kwa hiyo, aliyepimwa kidole siku ya 20 bado hajapata jibu, na wasiwasi wake una haki. Aliyepimwa baada ya siku 90, kwa kipimo chochote kati ya hivyo viwili, jibu lake limekamilika. Upo ubaguzi mmoja usiofaa kurukwa: ikiwa baada ya tendo hilo ulimeza dawa za kuzuia maambukizi, au unatumia dawa za kinga zinazomezwa kabla ya tendo, mwambie muuguzi, kwa kuwa hesabu ya siku hubadilika na kwa kawaida huanzia siku ulipomeza kidonge cha mwisho.

Kuhusu mstari hafifu: kila kipimo cha haraka kina dakika zake za kusomwa, zilizoandikwa kwenye karatasi yake ya maelekezo, na ukanda ukiachwa mezani mpaka kesho unaweza kuonyesha kivuli kisicho na maana yoyote. Usiufiche mfukoni ili uutazame tena usiku kwa tochi ya simu.

Kuna hoja moja ambayo sisi Wakongo hujijengea kwa ustadi zaidi kuliko wengine. Mtu amesoma kwamba VVU vilianza kuenea kutoka Kinshasa, kwamba sampuli ya damu ya mwaka 1959 iliyochukuliwa katika mji huo, enzi ukiitwa Léopoldville, ilikutwa na virusi, na kwamba nchi yetu ina aina nyingi sana za VVU. Yote hayo ni kweli. Ndipo anahitimisha kwamba huenda yeye amepata aina ngeni ambayo kipimo kilichotengenezwa Ulaya au Marekani hakiioni. Hitimisho hilo si kweli. Aina hizo nyingi ni matawi ya kundi moja kubwa la VVU-1, na vipimo vinavyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani hutakiwa kutambua angalau asilimia 99 ya walioambukizwa. Vile vinavyotumika kwetu hutafuta VVU-1 pamoja na jamii ya pili ya virusi hivi, iitwayo VVU-2.

Baada ya hapo, acha kuuliza mwili wako swali ambalo damu imekwisha kulijibu. Wale wanaopata dalili za mwanzo huzipata kwa kawaida kati ya wiki ya 2 na ya 4: homa, koo kuuma, upele, tezi kuvimba. Wengine hawapati dalili hata moja, na wengi wenye dalili hizo hizo wana malaria, tifoidi au mafua tu, hivyo dalili haithibitishi lolote kwa upande wowote. Ukiwa na homa, pima malaria na utibiwe malaria. Tezi ya shingoni inayobonyezwa mara thelathini kwa siku itauma na kuvimba kwa ajili ya vidole vyako mwenyewe; ulimi unaochunguzwa kila asubuhi mbele ya kioo hautakosa doa; na mtu asiyekula wala kulala kwa ajili ya hofu atapungua uzito, kisha ataushika mkanda uliolegea kama ushahidi. Jasho, moyo kwenda mbio, tumbo kuharisha na ganzi za vidole huweza kuwa kazi ya hofu yenyewe.

Hapa ndipo penye kazi ngumu, na ndipo wengi wanapoanguka. Kila ukipima, ukibonyeza tezi, ukitafuta katika intaneti au ukimuuliza mkeo kama umekonda, unapata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayokufundisha kurudia. Nafuu ya kipimo cha sita huwa fupi kuliko ya cha tano. Kwa hiyo, siku ulipopata jibu lililokamilika, andika chini ya karatasi yako: "Kwa tendo hili sitapima tena", tia tarehe, uikunje na uiweke pamoja na kadi yako ya uchaguzi. Hamu ya kwenda kupima itakuja bado. Ikija, tazama saa na ujipe nusu saa kabla ya kufanya lolote, ukishughulisha mikono kwa kufua, kuteka maji au kupanda mlima kwa miguu. Wiki inayofuata ifanye saa moja, kisha siku nzima. Andika hamu hiyo ilikuwa na nguvu kiasi gani, kuanzia 0 mpaka 10, mwanzoni na mwishoni, nawe utaona kwa mwandiko wako kwamba hupanda, hukaa, na hushuka yenyewe bila kupewa kitu. Mwanzoni wasiwasi utazidi kabla ya kupungua, usidhani umekosea.

Watu wa nyumbani nao wafundishwe. Dada anayekujibu kila jioni "hauna kitu, tulia" anakupenda, lakini anakupimia kipimo kingine kwa mdomo. Kubalianeni mapema juu ya jibu moja lisilobadilika, kama vile: "Kaka, hilo lilishajibiwa, njoo tule bugali na samaki wa sambaza." Sala haina ubaya katika jambo hili. Lakini mfungo wa siku nyingi katika chumba cha maombi utakukondesha, na akitokea nabii anayesema anaona ugonjwa katika damu yako, kumbuka kwamba damu hiyo labo imekwisha kuiona.

Wapo ambao, wakishakamilisha hatua hizi zote, hugundua kwamba walichokuwa wakikiogopa si virusi. Nimeona mara nyingi hofu hii ikifuata aibu kuliko hatari: mume aliyetoka nje ya ndoa mara moja, kwa kondomu isiyopasuka, huogopa kuliko kijana mwenye wapenzi watatu. Ikiwa ndivyo ilivyo kwako, una mazungumzo unayodaiwa na mkeo, au na padri au mchungaji wako, na labo haiwezi kukulipia deni hilo. Aliyebakwa, ambaye katika Kivu yetu si mtu wa kutafutwa mbali, yuko katika hali nyingine kabisa: yeye hana deni lolote, na hofu yake yaweza kuwa jeraha la tendo lenyewe, linalohitaji mtu wa kumsikiliza, kama wale wanaopatikana katika hospitali ya Panzi.

Hofu ikiendelea kwa miezi, ukashindwa kazi, usingizi au kumkaribia mwenzi wako, fahamu kwamba una ugonjwa unaojulikana na wenye tiba. Shirika la Afya Duniani linao katika orodha yake ya magonjwa. Tiba ya mazungumzo inayofanyia kazi mawazo na mazoea husaidia vizuri, na daktari anaweza kuongeza dawa ambazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu. Bukavu tuna kituo cha afya ya akili cha SOSAME, na Goma kuna kingine, Tulizo Letu. Watu hudhani vituo hivyo ni vya vichaa peke yao, jambo linalowanyima msaada wengi wanaokwenda kazini kila siku wakiwa wameumia ndani. Mawazo ya kujiua yakikujia, mwambie mtu leo hii na umwombe akupeleke, usisubiri Jumatatu.

Ahadi uliyoiandika inahusu tendo lile tu. Likitokea jingine lenye hatari ya kweli, nenda kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita ili upewe dawa za kuzuia maambukizi, ambazo humezwa kwa siku 28. Kisha chukua karatasi mpya, andika tarehe mpya, na uhesabu siku upya.