Andika uzito wa kopo tupu kabla ya kwenda nalo dukani

Vyombo vya kubebea bidhaa za kupimiwa dukani, kama mchele au sukari, tunavyo nyumbani, ila muuzaji akiona kopo lako anahofia hesabu ya mizani, anarudi kwenye mfuko wa plastiki. Dawa yake ni hii: pima kopo likiwa tupu na kavu, pamoja na mfuniko wake, kisha andika uzito huo kwenye kitako kwa kalamu ya wino usiofutika, mfano "tupu gramu 240". Dukani mkabidhi muuzaji kopo mapema, kabla hajaugusa mfuko. Akishachota bidhaa kwenye mfuko umechelewa, maana mfuko huo utatupwa hata ukimrudishia. Atapima kopo likiwa na bidhaa ndani, kisha atatoa gramu 240. Mizani ikisoma gramu 1,240, umepata kilo 1 kamili. Hulipii uzito wa kopo, naye hapunjiki, kwa hiyo hana sababu ya kukataa. Mizani ya kidijitali ina kitufe cha kurudisha sifuri kopo tupu likiwa juu yake, lakini maandishi usiyaache: foleni ikiwa ndefu, hakuna mwenye subira ya kupima mara mbili.

Njia hii haisaidii kwa bidhaa zilizokwisha kufungwa kiwandani. Chupa za kioo nazo zinasumbua kwenye mizani midogo, kwani uzito wake wenyewe unakula nafasi kubwa ya kile ambacho mizani inaweza kubeba. Chukua kopo jepesi la bati au plastiki ngumu. Na ukibadilisha mfuniko, pima upya.