Somo: Kampuni yenye majengo mengi ianzie wapi kupunguza umeme

Kampuni kubwa ikiamua kubana matumizi ya umeme, aghalabu hukimbilia kuagiza mashine mpya za kupoza hewa. Huko ni kuanzia mwisho. Mashine mpya ikiwaka usiku jengo likiwa tupu, itakula umeme bure bila faida kama ile ya zamani, na huenda imenunuliwa kubwa kupita mahitaji.

Hatua ya 1: Pima jengo likiwa halina watu

Chukua kilowati-saa za mwaka mzima ugawanye kwa mita za mraba za sakafu. Namba hiyo itakusaidia kupanga majengo na kujua lipi lianze. Usilinganishe ofisi na jengo lenye chumba cha seva. Utamwonea meneja wa jengo hilo la seva.

Kisha soma mita saa nane usiku. Tuseme inaonyesha kilowati 60, na mchana wastani ni 180. Wiki ina saa 168, ofisi hufunguliwa saa 55, zinabaki 113. Saa hizo tupu zinakula kilowati-saa 6,780 kwa wiki, za kazi 9,900. Yaani asilimia 40 hivi ya bili hutumika watu wakiwa hawapo.

Hatua ya 2: Tafuta kinachowaka

Zunguka jengo saa tatu usiku ukiwa na mita ya kubana waya. Anza na paneli za feni na pampu. Nyingi zina swichi ya nafasi tatu: mkono, zima, otomatiki. Fundi akijaribu mota huiweka kwenye mkono, anamaliza kazi, anaisahau hapo. Tangu siku hiyo ratiba ya kompyuta inayoendesha jengo haina nguvu juu ya mota hiyo, ingawa skrini inaweza kuendelea kuonyesha kwamba imezimwa. Shika swichi zote, moja moja. Usiamini skrini.

Angalia pia feni za vyoo, taa za ngazi na maegesho, mashine za maji ya moto, na dampa (vibao vya kufungua na kufunga njia ya hewa) za hewa ya nje zilizokwama wazi.

Hatua ya 3: Ratiba na nyuzi joto

Washa mapema kiasi cha kutosha tu, na zima kabla watu hawajaisha. Jengo halipati joto ghafla. Palipo na kipasha joto na kiyoyozi, acha pengo la nyuzi 2 au 3 kati ya kimoja kuzima na kingine kuwaka. Bila pengo vitashindana kutwa nzima na hakuna atakayejua, kwa sababu chumba kitakuwa na hali nzuri kabisa.

Hatua ya 4: Taa

LED, na sensa za kutambua watu vyooni, stoo na vyumba vya mikutano. Hapa hakuna ugumu.

Hatua ya 5: Mwendo wa feni na pampu

Nguvu inayotakiwa na feni hufuata mwendo wake ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe. Punguza mwendo hadi asilimia 80, nguvu inashuka hadi asilimia 51 hivi kwenye hesabu (0.8 × 0.8 × 0.8). Kazini haipungui kiasi hicho kamili, kwa sababu VFD, yaani kifaa cha kubadili mwendo wa mota, nacho hupoteza kidogo na mfumo hudai shinikizo lisishuke chini ya kiwango fulani. Kosa la kawaida ni kufunga VFD kisha kuiacha kwenye asilimia 100.

Hatua ya 6: Sasa mashine

Kwenye ukarabati wa Empire State Building, jengo refu la New York, ulioanza 2009, madirisha 6,514 yalitengenezwa upya humo humo jengoni. Kwa kuwa joto la kuondoa lilipungua, mashine za kupoza zilikarabatiwa badala ya kubadilishwa. Mpangilio wa hatua ndio uliookoa fedha.

Upande wa utawala

Makao makuu yakilipa bili, na meneja wa jengo akilaumiwa tu kwa malalamiko ya joto, atapoza kupita kiasi. Ana sababu gani ya kufanya vingine? Bili iingie kwenye bajeti yake, na sehemu ya akiba imrudie kwa kazi inayofuata. ISO 50001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa nishati, iliyotoka 2011 na kurekebishwa 2018, inasaidia kuweka sera, kipimo cha kuanzia na wahusika. Haikupangii upunguze kiasi gani.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nasikia kuzima usiku ni hasara kwa sababu asubuhi mashine inafanya kazi mara mbili. Kweli?*

Hapana. Joto huingia kwa kadiri ya tofauti ya nje na ndani. Jengo likiachwa lipate joto, tofauti hiyo hupungua, kwa hiyo joto linaloingia usiku kucha huwa pungufu. Tahadhari ni mbili: kwenye unyevunyevu mwingi dhibiti unyevu, ukungu usiote, na kama mnatozwa kwa kilele cha matumizi, washeni ghorofa kwa zamu.

*Tumeweka nyuzi 24, ghorofa moja wanatetemeka na jirani zao wanatoa jasho.*

Tazama thamostati, kifaa kinachopima joto na kuamuru mashine, imefungwa wapi. Ikiwa karibu na mashine ya kunakili au inapigwa na jua, inadhani chumba chote ni cha moto. Halafu weka karatasi kwenye matundu ya hewa: isiposhikwa wala kupeperushwa, filta imeziba au dampa imefungwa.

*Tumebadilisha taa zote kuwa LED, akiba ni ndogo kuliko hesabu.*

Huenda balasti za zamani (vifaa vya kudhibiti umeme wa taa za tyubu) zimebaki na zinaendelea kula umeme. Au hesabu ilikadiria saa nyingi kuliko taa zinavyowaka. Kwenye majengo yanayopashwa joto, joto la taa za zamani sasa linafidiwa na kipasha joto. Mkitoa balasti, bandikeni lebo kwenye fremu, asije mtu akarudisha tyubu ya zamani.

*Sisi ni wapangaji, mita ni ya mwenye jengo.*

Ombeni mita ndogo ya eneo lenu. Mkataba ukihuishwa, andikeni nani analipia maboresho na nani anapata akiba. Mwenye jengo hatanunua kifaa ambacho faida yake inakwenda kwa mpangaji peke yake.