Namna ya Kugeuza Shamba la Mizabibu la Familia Kuwa la Bayodinamiki

Familia inayotaka mvinyo wake utambulike kwa ardhi ulikotoka haina budi kuanza na ardhi yenyewe, wala si na pembe za ng'ombe, kalenda ya mwezi au nembo ya kubandika kwenye chupa. Nayasema haya mapema kwa sababu wengi wanaovutiwa na kilimo cha bayodinamiki, yaani kilimo kisichotumia kemikali za viwandani na kinacholiona shamba kuwa kiumbe hai kimoja, huyakimbilia yale yanayoshangaza wakaiacha kazi ya udongo, ambayo ndiyo inayoyapa mengine yote maana. Mwongozo huu unawahusu wale wanaomiliki mizabibu yao wenyewe, wanaoilima kwa mikono ya ndugu na wasaidizi wachache, na walio tayari kungoja miaka kadhaa kabla ya kuyaona matunda ya jasho lao.

Kuisoma ardhi kabla ya kuigusa

Terua ni jumla ya mambo yanayoupa mvinyo sura ya mahali pake: udongo na mwamba ulio chini yake, mwinamo wa shamba, namna linavyolielekea jua, upepo, mvua, na desturi za wanaolilima. Huko Burgundy, nchini Ufaransa, watawa na wakulima waligawa miteremko yao kwa karne nyingi katika vipande vidogo vidogo, kila kimoja kikiwa na jina lake na sifa yake, na mwaka 2015 UNESCO iliviingiza vipande hivyo katika orodha ya urithi wa dunia. Mashamba mawili yanayotenganishwa na njia nyembamba tu, yakiwa na zabibu zilezile za Pinot Noir, huweza kutoa mvinyo usiofanana. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuligawa shamba kulingana na tofauti zake halisi, si kulingana na urahisi wa kupitisha trekta.

Chimbeni shimo katika kila sehemu mnayoidhania kuwa tofauti, lifike mita moja au moja na nusu, upande mmoja ukiwa na mteremko wa kuingilia na kutokea kwa usalama. Shukeni humo na kisu kifupi, mkauparuze ukuta ulio karibu na shina la mzabibu hadi mizizi ionekane. Mizizi iliyoteremka moja kwa moja na kupenya kwenye nyufa za mwamba inaonyesha udongo ulio wazi; lakini mkiona mizizi imesongamana kwenye sentimita 30 za juu, kisha inapinda ghafla na kutambaa pembeni, jueni kwamba chini yake pana tabaka lililoshindiliwa na magurudumu au na jembe lililopita kina kilekile mwaka baada ya mwaka. Chukueni bonge la udongo mlimegue kwa vidole. Udongo wenye uhai humeguka kuwa chembe za mviringo zenye matundu, na huwa na harufu ya msituni baada ya mvua, ilhali udongo uliochoka huvunjika kwa mabapa yenye kingo kali na hauna harufu yoyote, au una harufu ya kuoza pale maji yanapotuama. Tieni matone ya siki juu ya bonge hilo: likitoa povu, pana chokaa. Hesabuni nyungunyungu, pimeni kina cha kila tabaka, mkayaandike yote katika daftari la shamba, kwa maana mtayahitaji mtakapochimba tena miaka mitano baadaye, karibu na hapohapo, ili kulinganisha.

Miaka ya mpito

Acheni viua-magugu na mbolea za viwandani. Katika Umoja wa Ulaya, shamba la mizabibu hupitia miaka 3 ya mpito kabla zabibu zake hazijaruhusiwa kuuzwa kama zao la kilimo hai, na bayodinamiki hujengwa juu ya msingi huohuo. Demeter, nembo ya mazao ya bayodinamiki iliyoanza mwaka 1928, hudai pia kwamba shamba zima ligeuzwe, si kipande kimoja cha kupigia picha. Hata hivyo hakuna ubaya kufanya majaribio kabla ya kuomba cheti: familia ya Leflaive, watengenezaji wa mvinyo wa Puligny-Montrachet huko Burgundy, ilianza kujaribu kwenye sehemu ya mashamba yake mwaka 1990, ikalinganisha, na kufikia mwaka 1997 ikawa imeyahamisha yote. Nawashauri mfuate njia hiyo, kwa sababu mavuno huweza kupungua wakati wa mpito na familia isiyo na akiba huweza kukata tamaa katikati.

Baada ya mavuno, pandeni mazao ya kufunika udongo katikati ya mistari: jamii ya kunde kwa ajili ya naitrojeni, nafaka kama rai kwa ajili ya mizizi yake mingi inayofungua udongo, na jamii ya haradali pale palipokaza. Uwiano wa mbegu utegemee kile mlichokiona shimoni. Mzabibu uliokwisha kushiba naitrojeni hutoa majani mengi mno, na majani mengi huvuta ukungu, kwa hiyo huko punguzeni kunde. Penye ukame, lazeni mimea hiyo chini mapema kabla haijanyang'anya mizabibu maji. Kondoo ni wasaidizi wazuri wakati mizabibu imelala, ila mwili wa kondoo hauvumilii shaba, na shamba lililonyunyiziwa shaba kwa miaka mingi linaweza kuwadhuru, basi pimeni udongo na majani kabla ya kuwaingiza.

Pembe, maji na mboji

Matayarisho ya bayodinamiki, yaani michanganyiko yenye nambari inayonyunyiziwa shambani au kutiwa katika mboji, yalianza na mihadhara 8 aliyoitoa mwanafalsafa Rudolf Steiner mwezi Juni 1924 huko Koberwitz, mahali ambapo leo pako Poland, mbele ya wakulima waliokuwa na wasiwasi juu ya kudhoofika kwa udongo na mbegu zao. Tayarisho la 500 ni samadi ya ng'ombe jike iliyoshindiliwa katika pembe yake, ikazikwa majira ya kupukutika kwa majani na kufukuliwa majira ya kuchipua. Pembe iliyofanikiwa hutoa kitu cheusi, laini, kinachofinyangika kama udongo wa mfinyanzi, na kisicho na harufu ya kinyesi hata kidogo. Mkikuta bado ni kibichi chenye rangi ya kijani, mahali pa kuzikia palikuwa na maji mno au udongo wake hauna uhai. Rudisheni chini, na mwaka ujao mchague mahali pengine.

Kwa hekta moja hutumika takriban gramu 100 katika lita 30 hivi za maji ya mvua au ya chemchemi yaliyopashwa moto kidogo, yasiyo na klorini. Maji hayo hukorogwa kwa saa nzima: mkorogaji huzungusha kijiti kirefu pembeni mwa pipa hadi kishimo cha maji kinachozunguka kikaribie kufika chini, kisha hugeuza mwelekeo kwa ghafla, maji yakavurugika na kutoa mapovu, naye akaanza upya upande wa pili. Nyunyizeni jioni, kwa matone makubwa juu ya udongo wenye unyevu, kabla ya saa chache kupita. Tayarisho la 501, ambalo ni unga laini wa silika, yaani madini ya kwatsi, uliozikwa ndani ya pembe ya ng'ombe majira ya joto, ni kinyume chake: gramu 4 tu kwa hekta, asubuhi na mapema, kwa ukungu mwembamba juu ya majani. Lisinyunyiziwe wakati wa jua kali au kwenye mizabibu iliyokaukiwa maji, kwa sababu wakulima wanaolitumia husema huzidisha athari ya mwanga.

Matayarisho ya 502 hadi 507 hutengenezwa kwa mimea kama kamomili, magome ya mwaloni na valeriani, na huingizwa kwa kiasi kidogo katika rundo la mboji. Rundo lenyewe ndilo muhimu zaidi: samadi, nyasi na vitawi vilivyopogolewa vipangwe kwa tabaka, vilowe bila kuchuruzika, na vigeuzwe joto likishuka.

Naona ni haki msomaji aelezwe wazi kwamba sayansi haijathibitisha kuwa pembe au mwendo wa mwezi hubadilisha mvinyo, ilhali faida za mboji, za kufunika udongo na za kuacha viua-magugu zinaeleweka vizuri. Mimi nayaheshimu matayarisho hayo kwa sababu yanamrudisha mtu shambani alfajiri na jioni, mara nyingi kuliko kazi nyingine yoyote ingemlazimu, na mwenye kuwepo huliona tatizo lingali dogo. Kalenda ya mwezi ya mkulima Mjerumani Maria Thun, inayogawa siku kuwa za mizizi, majani, maua na matunda, ifuateni katika kazi zinazoweza kungoja, kama kupogoa. Mvua ikikaribia, au ugonjwa ukianza, fanyeni kazi bila kuitazama.

Ubwiri

Hapa ndipo nyumba nyingi hushindwa. Ubwiri unga na ubwiri vinyoya, magonjwa mawili ya mizabibu yanayofanana na ukungu, viliingia Ulaya kutoka Amerika ya Kaskazini katika karne ya 19, na mzabibu wa Ulaya hauna kinga ya asili dhidi yake. Ubwiri unga huzuiwa kwa salfa, isiyonyunyiziwa joto linapozidi nyuzi 30 kwa kuwa huunguza majani. Ubwiri vinyoya huzuiwa kwa shaba, nayo shaba haiozi, hubaki udongoni na kuwaumiza viumbe walewale mnaowalea. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu kilo 28 kwa hekta katika miaka 7, na Demeter hutaka wastani usiozidi kilo 3 kwa mwaka. Ili mbaki chini ya kiwango hicho, nyunyizeni dozi ndogo kabla tu ya mvua, si kwa ratiba iliyopangwa tangu majira ya baridi. Ondoeni machipukizi yaliyozidi. Na punguzeni majani yanayozunguka vishada upande wa jua la asubuhi ili umande ukauke upesi. Mchemsho wa ekwiseti, mmea wa porini, unaoitwa tayarisho la 508, usaidie tu, usichukue nafasi ya shaba katika mwaka wa mvua nyingi.

Kutoka shambani hadi kwenye pipa

Kila kipande kilichogawiwa tangu mwanzo kichumwe peke yake na kiwe na pipa lake, la sivyo kazi yote ya kuisoma ardhi itakuwa imepotea. Onjeni zabibu kila siku zinapokaribia kuiva, mzitafune mbegu: zikiwa za kahawia na zinavunjika kwa mlio, wakati umewadia, hata kama kipimo cha sukari kilionyesha hivyo wiki moja kabla. Chumeni kwa mkono, katika kreti zisizo na kina.

Uchachushaji ufanywe na hamira iliyokuja na zabibu zenyewe. Ili kupunguza hatari, chumeni ndoo chache za zabibu safi siku kadhaa kabla ya mavuno, mziache zianze kuchachuka, na mtumie ile iliyo na harufu safi kuanzishia mapipa makubwa. Yenye harufu ya siki imwagwe. Pimeni uzito wa majimaji na joto lake kila asubuhi. Salfa ya kuhifadhi mvinyo (dioksidi ya salfa) itiwe kidogo, na pale inapohitajika: sheria ya kilimo hai ya Ulaya huweka kikomo cha miligramu 100 kwa lita katika mvinyo mwekundu mkavu na 150 katika mweupe, na shamba lenye zabibu safi laweza kukaa chini sana ya hapo.

Kila mwaka, wekeni pembeni chupa 12 kutoka kila kipande, zikiwa na nambari ya shimo lake katika daftari. Zifungueni pamoja, wazee na vijana wa nyumba mezani, bila kuonyesha nambari, kisha kila mmoja aandike anachokionja kabla ya yeyote kusema neno. Kipande ambacho hakuna anayeweza kukitofautisha na jirani yake baada ya miaka kadhaa kiunganishwe naye. Na kile kinachotambuliwa na wote ndicho cha kuchimbwa shimo upya na kuwekwa kwenye chupa kwa jina lake.