Jinsi ya Kuigiza Foleni ya Durham na Wanafunzi wa Tabora

Mwalimu wa historia au mlezi wa klabu ya maigizo anayetaka wanafunzi wake waelewe jinsi Wamarekani weusi walivyopambana na ubaguzi katika kumbi za maonyesho hahitaji pazia, taa wala mavazi ya kigeni. Meza moja, chaki, kamba na uwanja wenye kivuli vinatosha, na hapa Tabora miembe haijatupungukia. Tukio ninalolipendekeza ni la Carolina Theatre mjini Durham, jimbo la North Carolina, kwa sababu silaha ya waandamanaji wake ilikuwa foleni, na mtoto aliyewahi kusubiri tiketi stesheni wakati wa kufunga shule anaijua foleni vizuri.

Uelezee mji kwa ufupi. Durham ulikua kwa tumbaku na viwanda vya sigara, jambo ambalo wanafunzi waliotoka Urambo au Kaliua hulishika upesi kuliko somo lolote la ramani. Ukumbi wenyewe ulifunguliwa mwaka 1926, na jengo lilikuwa mali ya mji. Hapo usipite haraka: mwananchi mweusi alilipa kodi kwa mji huo huo, lakini akaingia kwa mlango wa pembeni na kupanda ngazi ndefu hadi roshani ya juu kabisa.

Sasa lichore jengo ardhini kwa chaki. Meza iwe dirisha la tiketi, kamba iwe mlango mkuu, na kama shule ina jengo la ghorofa, wapandishe watazamaji wachache wakae juu mbali, wajionee wenyewe ni kiasi gani cha igizo kinachowafikia. Usimpake mtu yeyote rangi usoni; kitambaa kilichofungwa mkononi kinatosha, na wanaokivaa wapatikane kwa kura.

Foleni ndiyo kiini cha kazi yote. Mnamo Januari 1962, vijana wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, wakiwemo wanafunzi wa North Carolina College na wa Hillside High School, walipanga mstari mbele ya dirisha la tiketi. Kila mmoja aliomba tiketi ya kuingia kwa mlango mkuu, akakataliwa, akarudi mkiani mwa mstari na kuanza upya, huku wanafunzi wazungu waliowaunga mkono wakijiunga nao, na mauzo ya tiketi yakizorota kwa kuwa wateja wengine walikwama katikati. Wape waigizaji wako maneno mawili tu: “Naomba tiketi moja” na “Samahani, hapa hatukuuzii.” Mara ya kwanza nilipoliongoza igizo hili, wavulana wawili waliipindua meza kabla ya dakika ya tatu, watazamaji wakashangilia, na igizo likafia hapo hapo. Tangu siku hiyo huwafanyisha mazoezi ya kukataliwa kwa utulivu kwanza, na nafasi ya muuzaji humpa mwanafunzi mpole kuliko wote, kwa maana ubaguzi wa dirishani haukuhitaji mtu mkali.

Mwanafunzi mmoja asimame ubaoni na kuandika mwezi mmoja kila mzunguko unapokamilika, kuanzia Januari 1962 hadi Julai 1963. Mizunguko hiyo kumi na tisa haimaanishi kwamba vijana walipanga foleni kila mwezi. Ni kipimo cha urefu wa kungoja, na kuchoka kwa miguu ni sehemu ya somo. Ubao ukifika Mei 1963, watazamaji wote waingie mstarini, kwa sababu mwezi huo maandamano makubwa yaliijaza mitaa ya Durham, mamia wakakamatwa, na meya mpya, Wense Grabarek, akalazimika kutafuta mapatano. Mwezi wa Julai muuzaji atoe tiketi ya kwanza bila kusema neno, kwa kuwa ndipo ukumbi ulipowafungulia watu weusi mlango mkuu, mwaka mmoja kabla ya Sheria ya Haki za Kiraia ya Julai 1964, iliyopiga marufuku ubaguzi wa namna hiyo Marekani nzima.

Baada ya hapo, wanafunzi wakae ndani ya mistari ya chaki na uwaulize kuhusu mji wao wenyewe. Mnamo Januari 1958, katika mkutano wa TANU uliofanyika hapa Tabora, chama kilikubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, ingawa utaratibu huo ulikuwa wa kibaguzi. Uamuzi huo ndio tunaouita Uamuzi wa Busara. TANU ilipita katika mlango iliyoupinga, ilhali vijana wa Durham waliukataa ule wa pembeni. Nani alikuwa na sababu nzuri zaidi? Tenga nusu saa nzima, maana sijawahi kuona darasa likikubaliana kabla ya kengele.