Namna ya kumfanya mtoto apende gari la moshi

Mara ya kwanza nilipompeleka mjukuu wangu kwenye Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, alikuwa na miaka mitano, nami nilikosea karibu kila kitu. Nilimpeleka saa saba mchana, jua likiwa utosini. Nikamsimamisha mbele ya kila injini na kumsomea vibao vyote: mwaka, kiwanda, uzito. Nikamweleza habari za marehemu baba yangu, aliyekuwa akichochea moto kwenye injini hizo hizo, mpaka sauti ikanikauka. Mtoto alivumilia hadi injini ya nne. Hapo akashika chuma kilichopata moto wa jua, akakaa chini kwenye kokoto, akalia.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilichokuwa nampa yule mtoto ni majonzi yangu. Mimi nimekulia kota za reli, Changamwe, Mombasa, na mlio wa injini usiku ndio ulionibembeleza. Yeye hajapoteza chochote. Hawezi kuililia treni ambayo hajawahi kuisikia. Lakini mashine anaweza kuipenda, tena sana, ilimradi aielewe. Basi nikaanza upya, na safari hii nikaanzia jikoni. Nawe anzia hapo.

Teleka maji kwenye birika lenye mdomo mwembamba. Mtoto akae mbali, na mkono wako uwe mbele yake muda wote, maana mvuke unaunguza vibaya kuliko hata maji yenyewe. Yakianza kutokota, mwulize: mvuke uko wapi? Atakuonyesha lile wingu jeupe. Mwambie atazame tena pale pale mdomoni mwa birika, kabla wingu halijaanza. Pana nafasi kama ya upana wa kidole, ambayo ukiitazama haina kitu. Mjukuu wangu aliinamisha kichwa huku na huku, kisha akasema, “Babu, pana shimo.” Ndiyo, mama, hilo shimo ndilo mvuke. Mvuke wa kweli hauonekani. Lile jeupe ni matone madogo ya maji yaliyokwisha kupoa. Usimwambie mapema. Ngoja alione mwenyewe, kwa sababu siku hiyo atajiona amegundua jambo ambalo hata watu wazima wengi hawalijui.

Baada ya hapo bandika sufuria yenye kifuniko chepesi cha bati mpaka kifuniko kianze kurukaruka. Mwambie kwamba lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya lita zaidi ya 1,600. Kwa mtoto hiyo ni namba tupu, kwa hiyo mwonyeshe mtungi wa maji wa lita 20 na umwambie afikirie mitungi kama hiyo 80, imepangwa kuanzia jikoni mpaka getini, yote imetoka kwenye lita moja. Sasa fikiria maji hayo yamefungiwa ndani ya chuma, hayana pa kutokea isipokuwa kwa kuisukuma pistoni, yaani kile kizibo cha chuma kinachokwenda na kurudi ndani ya silinda. Pistoni nayo ni rahisi kuionyesha: nunua duka la dawa mabomba mawili ya sindano yasiyo na ncha, yaunganishe kwa kipande cha mrija, sukuma moja na lingine litatoka lenyewe. Hayo mabomba mjukuu wangu aliyachezea wiki nzima, hata kuoga akaenda nayo.

(Hapa Kenya pia unaweza kumwambia kwamba neno “stima” lilianza na mvuke na meli zake kabla hatujalihamishia kwenye umeme. Wangu alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.)

Halafu sauti. Rekodi zipo tele mtandaoni, lakini usianze kwa kumpa simu. Anza kwa mikono. Injini ya kawaida yenye silinda mbili hutoa pumzi nne kila magurudumu yake makubwa yanapozunguka mara moja, kwa sababu kila pistoni husukumwa kwenda na husukumwa kurudi. Kila pumzi ni mvuke uliokwisha kazi unaotoka kwa nguvu bombani juu. Piga makofi: moja-mbili-tatu-nne, moja-mbili-tatu-nne, polepole kama treni inayoondoka stesheni, kisha ongeza kasi. Mtoto ataanza kukimbia sebuleni bila kuambiwa.

Treni zilizopanda kutoka Mombasa zilikuwa na sauti ya namna yake. Zilivutwa na injini za aina ya Garratt. Garratt ni kama injini mbili zilizobeba boila moja, yaani tangi la kuchemshia maji, katikati, na kila upande una silinda zake na magurudumu yake. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayafungamani, kwa hiyo mara yanapumua pamoja, mara yanaachana taratibu, mara yanakutana tena. Wewe piga makofi kwa mwendo wako, mtoto apige kwa mwendo wa kasi kidogo, na msisimame. Sikilizeni makofi yanavyokutana na kuachana. Nilipokuwa kitandani Changamwe, nikiwa mdogo kuliko yeye, hiyo ndiyo sauti niliyoisikia ikipanda kuelekea Mazeras. Sikumwambia hilo. Tulipiga makofi tu.

Sasa mpeleke makumbusho. Ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni ya Nairobi. Nendeni asubuhi, chuma kikiwa bado baridi. Mvike nguo ambazo zikipata grisi hutagomba. Chagua injini moja tu, nyingine mziache zisubiri. Mimi nilichagua 5918, inayoitwa Mount Gelai. Ni moja ya Garratt 34 za kundi lililoitwa daraja la 59, zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, katikati ya miaka ya 1950. Zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na zilizobaki ni mbili tu, hiyo na 5930 Mount Shengena, zote ziko hapo. Hakuna injini ya mvuke iliyowahi kuzizidi kwa ukubwa kwenye reli ya upana wa mita moja.

Usimwambie hayo yote. Mpe kazi. Hesabu magurudumu ya upande mmoja: atapata 14, manane makubwa na sita madogo. Atakosea mara ya kwanza kwa sababu mengine yamejificha nyuma ya vyuma, na kule kuinama kuyatafuta ndiko kunakomfundisha. Pima urefu kwa hatua zake: injini inazidi mita 31, na mjukuu wangu alipiga hatua 70, akarudi akapiga tena ili ahakikishe. Tulikuwa tumekata uzi wa mita moja nyumbani. Tukautandaza kati ya reli na reli, ukafika sawasawa. Hapo alinyamaza. Alisimama akautazama ule uzi, akautazama mlima wa chuma juu yake, tani 250 hivi, sawa na ndovu dume wakubwa 40, wote wakipita juu ya upana ambao yeye mwenyewe anaweza kuulalia. “Mbona haianguki?” Swali hilo lilinipa nafasi ya kumweleza kwamba uzito umetawanywa kwenye magurudumu mengi, na kwamba injini inapinda kwenye kona. Tulikuwa na rula na vigari viwili vya kuchezea mfukoni. Weka rula juu ya vigari hivyo, vigeuze kidogo, na Garratt nzima iko kiganjani mwako.

Kwenye kibanda cha dereva, mwache aguse kwanza. Vishikio, magurudumu ya vali, geji. Akimaliza kugusa ataanza kuuliza, na hapo ndipo simulizi za familia zinapopata mahali pa kukaa. Injini hizi zilichoma mafuta mazito, si makaa. Baba alikuwa akiketi upande wake akifungua na kufunga vali ya mafuta, macho juu, akitazama moshi. Moshi mweusi, alikuwa akisema, ni mafuta yanayopotea bure. Masizi yakijaa ndani ya mabomba ya boila, alichota mchanga kwa koleo dogo na kuutupa kwenye tanuri, ukavutwa na kuyasugua mabomba, na wingu jeusi tii likatoka juu. Mama alikuwa akiliona wingu hilo kwa mbali anakimbilia kamba ya nguo. Mjukuu wangu alitaka kujua kama nguo zilichafuka. Zilichafuka. Mtoto anayefundishwa shuleni kwamba moshi ni mbaya anastahili jibu la kweli, na jibu halipunguzi mapenzi yake hata kidogo.

Atakuuliza pia mbona haiendi. Mwambie ukweli: boila ikikaa miaka mingi bila moto haiwashwi tu, lazima ikaguliwe chuma kwa chuma, na hata iliyo nzima huchukua saa nyingi kupata mvuke wa kutosha.

Kuna behewa moja ningekuomba uliache kwa sasa. Ndilo alimokuwemo afisa wa polisi Charles Ryall alipouawa na simba kwenye stesheni ya Kima, Juni 1900. Watoto wanalipenda mno. Ukianza nalo, siku nzima itakuwa ya simba, na Garratt atakuwa ameisahau kabla hamjafika nyumbani. Liweke la ziara ya tatu au ya nne. Habari za vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India kujenga reli tangu 1896, na zaidi ya elfu mbili waliofia kazini, nazo zinangoja, lakini zisingoje sana. Akifika miaka minane au tisa mwambie, tena mkiwa mmesimama juu ya mataruma yenyewe.

Nyumbani fungueni ramani. Gelai uko karibu na Ziwa Natron, Shengena uko Upareni, yote Tanzania. Atauliza kwa nini injini za Kenya zina majina ya milima ya Tanzania, na utamwambia kwamba wakati huo reli ilikuwa moja kwa nchi tatu, mpaka 1977.

Kisha mpandishe treni inayotembea, hata kama ni ya dizeli. Sisi tulipanda Madaraka Express, treni ya reli mpya, kwenda Mombasa. Reli ya zamani huonekana dirishani mara kwa mara, na yeye ndiye aliyekuwa akiniamsha kila alipoiona. Alinionyesha kwamba ni nyembamba. Ni kweli, ile mpya ni mita 1.435, lakini yeye aliijua kwa jicho, kwa sababu ya uzi.

Uzi ule bado anao. Mwezi uliopita tulirudi makumbusho pamoja na binamu yake wa miaka minne. Sikuambiwa niseme kitu. Alimshika mkono yule mdogo akampeleka moja kwa moja mpaka 5918, akachuchumaa, akampa ncha moja ya uzi na kumwambia, “Shika hapo, usiachie.” Mimi nilisimama kivulini, chini ya Mount Shengena, nikiwashikia chupa zao za maji.