Kuku 12 uani: mayai ya nyumba nzima bila keji

Sehemu kubwa ya mayai duniani hutagwa ndani ya keji za waya, na siku hizi keji hizo zinauzwa hata kwetu. Laza karatasi ya A4 sakafuni uitazame. Ina sentimita za mraba kama 620. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliwahi kumruhusu mfugaji ampe kila kuku sentimita za mraba 550 ndani ya keji, yaani pungufu ya karatasi hiyo, maisha yake yote ya kutaga. Hawezi kukunjua bawa, hana mchanga wa kuoga, hana kiota. Uswisi iliziacha keji mwaka 1992, na Umoja wa Ulaya ukazipiga marufuku keji za namna hiyo kuanzia tarehe 1 Januari 2012.

Lakini keji ilikuwa na sababu zake. Kinyesi hupita kwenye waya, kwa hiyo kuku hadonoi minyoo wala vijidudu vya kuharisha damu. Chakula hupimwa. Taa huwaka hadi saa 16 kwa siku. Kicheche hafiki. Ukimtoa kuku kwenye waya, kazi hizo nne zinakuwa zako. Wengi wanaofuga nyumbani wakapoteza kuku wote kwa wiki moja waliacha kazi hizo bila mwenyewe, kisha wakasema kuku hawana bahati.

Kuku gani

Kuku wa kienyeji asilia hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, kwa sababu akitaga 10 au 15 huatamia siku 21, kisha hulea. Kwa kuzalisha vifaranga hana mpinzani, ila kwa mayai ya kila siku hatoshi. Kuku wa mayai wa kisasa hupita 280, lakini chakula kikipungua kidogo tu anakwama. Kwa nyumba ya watu watano au sita, chotara kama Kuroiler au Sasso ndiye anayefaa: mayai 150 hadi 200 kwa mwaka akilishwa vizuri. Chotara 12 watakupa mayai matano au sita kwa siku, trei moja kila siku tano au sita. Jogoo si lazima. Tetea hutaga bila jogoo. Jogoo anahitajika tu ukitaka mayai ya kuangua.

Kama ni mara yako ya kwanza, usianze na vifaranga wa siku moja. Hao wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, likishushwa nyuzi tatu hivi kila wiki, na usiku mmoja wa jiko kuzimika unaweza kuwamaliza. Nunua wa wiki nne. Kwa kawaida huuzwa mchanganyiko na nusu hutoka majogoo, kwa hiyo ukitaka mitetea 12 nunua 26. Majogoo utawachinja wakifika miezi minne. Muulize muuzaji, tena akuandikie: wamechanjwa kideri (mdondo) mara ngapi, Gumboro (ugonjwa wa vifaranga) mara ngapi, na lini. Asiyeweza kujibu usinunue kwake.

Banda

Mita 2 kwa mita 2 zinatosha 12 kwa nafasi, na zitawabeba 26 wakiwa wadogo. Kimo kiwe mita 1.8 au zaidi ili usafishe ukiwa umesimama. Banda la kuinamia halisafishwi. Pande ndefu za paa zielekee kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni lisipenye sana. Ukuta uwe mzima sentimita 60 kutoka chini, juu yake wavu. Wavu mwembamba wenye matundu makubwa humzuia kuku kutoka, lakini haumzuii kicheche kuingia. Weka wavu wa matundu ya nusu inchi, na ufukie sentimita 30 chini ya ardhi pale ambapo hakuna sakafu ya saruji.

Fito za kulalia ziwe mbili za mita 2, unene wa sentimita 4 au 5, kingo zake zimepigwa randa, zote usawa mmoja kwenye kimo cha sentimita 60. Moja ikiwa juu ya nyingine, kuku watagombea ya juu kila jioni. Viota vitatu vya sentimita 30 kwa 30 vinatosha, viwe na giza kidogo na viwe chini kuliko fito. Kiota kikizidi fito kwa urefu, kuku hulala humo na mayai yatakuwa machafu kila siku.

Sakafuni mwaga maranda au pumba za mpunga, unene wa sentimita 8 hadi 10. Hapa ndipo afya ya kuku ilipo, kwa hiyo jifunze vipimo viwili. Cha kwanza: chota konzi ya matandazo karibu na chombo cha maji, ukamate kwa nguvu, kisha ufungue kiganja. Yakibaki donge, yamelowa. Ondoa sehemu hiyo uweke makavu. Yakimwagika taratibu huku machache yameshika kiganjani, yako sawa. Cha pili: chuchumaa hadi pua yako ifike kimo cha kuku, uvute pumzi mara tatu. Macho yakiwasha, kuku wako wanaumia usiku kucha na mafua hayako mbali. Ukipima umesimama hutaisikia harufu hiyo, maana juu hewa inapita. Geuza matandazo kwa reki kila siku mbili tatu, na uinue chombo cha maji juu ya tofali moja.

Nje wape uwanja wa mita za mraba 24 au zaidi, ugawanywe mara mbili kwa wavu. Waache upande mmoja wiki mbili au tatu, kisha wahamishe. Upande uliopumzika hupigwa jua, majani yanarudi, mayai ya minyoo yanapungua. Uwanja mmoja unaotumika mwaka mzima hugeuka udongo mtupu wenye ugonjwa. Lazima pawe na kivuli, na shimo la mchanga mkavu uliochanganywa na majivu: kuku akioga humo anapunguza chawa na utitiri.

Chakula

Mabaki ya jikoni ni nyongeza tu. Chotara anayetaga anahitaji gramu 120 hivi za chakula kamili kwa siku, na 12 watakula kilo 1.4. Mfuko wa kilo 50 unaisha kwa siku 35 hivi. Ukitaka kuchanganya mwenyewe, kilo 100 za chakula cha kutagia ni hizi:

mahindi yaliyoparazwa, kilo 42
pumba za mahindi, kilo 14
mashudu ya alizeti, kilo 22
dagaa waliosagwa, kilo 12
chokaa ya mifugo, kilo 7
unga wa mifupa, kilo 2
chumvi, nusu kilo
mchanganyiko wa vitamini na madini wa kuku wa mayai, nusu kilo au kama pakiti inavyosema

Protini hapo inakuwa kama asilimia 16 hadi 17, na kalisi asilimia 3.5 na kidogo. Dagaa ndio huharibu hesabu. Wa bei rahisi huja na mchanga, kwa hiyo weka konzi moja kwenye glasi ya maji, koroga, na uangalie kinachotuama chini. Wakiwa na chumvi nyingi, punguza chumvi ya mchanganyiko hadi robo kilo. Changanya kwanza vitu vya kipimo kidogo na kilo chache za pumba, ndipo umwage kwenye rundo kubwa. Ukitupa nusu kilo ya vitamini moja kwa moja juu ya kilo 99, kuku mmoja ataipata yote na mwingine hataiona. Chakula hiki ni cha kuku wanaokaribia kutaga na wanaotaga. Wadogo wape cha kukuzia, maana kalisi nyingi hivi huwaharibu figo.

Mahindi yaliyoota ukungu msiwape kuku. Imezoeleka kusema "hayo ni ya kuku," na ni kosa kubwa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, iliua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, na mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Kwa kuku huharibu ini na kupunguza kutaga, na sehemu yake huweza kubaki kwenye ini na mayai utakayompa mtoto.

Funga fungu la mchicha au sukuma wiki kwa kamba, ulitundike usawa wa shingo ya kuku. Wakila majani, kiini cha yai hukolea rangi. Mahindi yetu ni meupe, kwa hiyo kuku wa ndani anayekula mahindi bila majani hutoa kiini cha rangi hafifu hata akiwa na afya. Kwa upande mwingine, mashamba makubwa hutia rangi kwenye chakula, kwa hiyo kiini cha njano hakithibitishi kuwa yai ni la kienyeji.

Maji: lita 3 kwa siku kwa kuku 12, na mara mbili ya hapo wakati wa joto. Kuku aliyekosa maji nusu siku huweza kusimama kutaga kwa siku kadhaa.

Kuhusu mwanga, karibu na ikweta mchana wetu ni wa saa 12 hivi. Hiyo inatosha kwa familia. Ukitaka mayai zaidi, washa taa ndogo ya LED kuanzia saa kumi alfajiri. Usiiongeze jioni: ikizimwa ghafla kuku hubaki chini gizani, wanarundikana.

Chanjo kabla ya dawa

Kideri, ambao wengine huuita mdondo, hauna dawa. Kuku hupumua kwa shida, huharisha kijani, hupinda shingo, na kundi lisilochanjwa linaweza kuisha lote. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo za kawaida na inayotengenezwa Tanzania, hutiwa tone moja kwenye jicho moja kila baada ya miezi mitatu. Mlaze kuku ubavu, tone lidondoke, subiri apepese jicho ndipo umwachie. Tumia kidondoshi kilichokuja na chupa, kwa sababu ukubwa wa tone ndio dozi. Usichanje kuku aliyekwisha ugua. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako, kwa hiyo pangeni siku moja na majirani. Kuku wa jirani asiyechanjwa ndiye atakayekuletea ugonjwa.

Gumboro hushambulia vifaranga, na jina lake lina historia. Mwaka 1923 Cecile Steele wa Ocean View, jimbo la Delaware nchini Marekani, aliagiza vifaranga 50 wa kumpa mayai, akaletewa 500. Aliwalea akawauza kwa nyama, na miaka mitatu baadaye alikuwa na banda la kuku 10,000. Eneo hilo likawa kitovu cha kuku wa nyama, na katika kaunti hiyohiyo ya Sussex, sehemu iitwayo Gumboro, ugonjwa huo ukatambuliwa mwaka 1962. Kuku wengi wakiwa sehemu moja, ugonjwa hupata pa kuenea, hata kama banda ni dogo la uani.

Ndui huchanjwa kwa sindano ya bawani, wiki ya 6 hadi 8. Minyoo, toa dawa kila miezi mitatu. Ukiona damu kwenye kinyesi cha vifaranga, ni koksidiosi: wape dawa ya amprolium kwenye maji siku tano, na ubadilishe matandazo siku hiyohiyo, la sivyo itarudi. Kila wiki pita usiku na tochi ukague nyufa za fito. Papasi na utitiri hutoka gizani.

Antibiotiki za dukani zinahitaji tahadhari. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 2006 kwa sababu ya usugu wa dawa kwa binadamu, lakini uani mwetu watu huweka oksitetrasaiklini kwenye maji kila kuku anapopiga chafya, na mayai ya siku hiyo yanakwenda mezani. Soma muda wa kusubiri kwenye pakiti. Mayai ya muda huo hayaliwi wala hayauzwi.

Mayai, na koo aliyechoka

Okota mayai mara mbili kwa siku. Yasiyo na uchafu usiyaoshe, maana maji huondoa utando unaoziba vitundu vya ganda. Yahifadhi ncha nyembamba ikiwa chini. Yai la mashaka lizamishe kwenye maji: likilala ni jipya, likisimama ulile mapema, likielea litupe.

Kudonoana kukianza, mtoe aliyejeruhiwa kwanza, kisha tafuta sababu: msongamano, mwanga mkali, au dagaa waliopunguzwa. Mashamba makubwa hukata midomo kwa chuma cha moto. Kwa kuku 12 wenye nafasi hakuna haja hiyo.

Baada ya mwaka wa pili mayai hupungua. Kabla ya kumchinja koo, mshike kichwa chini ya kwapa lako na upapase mifupa miwili myembamba iliyo karibu na tundu la kutagia. Vidole viwili au vitatu vikipita katikati, bado anataga. Kikipita kimoja kwa shida, na kilemba kimesinyaa na kupauka, amemaliza. Nyama yake ni ngumu. Ichemshe kwa moto mdogo saa mbili na zaidi, na chumvi uitie mwishoni.